Kijiko chenye Mfuniko

Tangu asubuhi mama mkwe alikuwa amekaza meno. Kila tukimpa dawa aliitema kwenye shuka. Daktari alikuwa ametuambia wazi kwamba asipoimeza leo, tusimtegemee kuiona kesho. Mume wangu, mtu mzima mwenye mvi zake, alikuwa akizunguka chumbani kama kuku anayetafuta pa kutaga.

Ndipo akakumbuka kile kijiko. Akakitoa kabatini: fedha tupu, cha kale kuliko sisi sote, mama alikipata enzi zake za uyaya. Si kijiko cha kulia. Kina mfuniko juu, na mpini wake una uwazi ndani, wenye tundu mwishoni. Zamani watoto walinyweshwa nacho mafuta ya nyonyo. Unajaza, unafunga, unaziba tundu kwa kidole gumba, na mafuta hayatoki. Kikishaingia mdomoni unaachia kidole, mafuta yanateremka kooni kabla mtoto hajajua kimempata nini. Mama aliwalea wanawe wote kwa kijiko hicho, huku akiwaapia kwamba ndani mna asali.

Mume wangu akakijaza dawa, akafunga, akaziba tundu. Akainama, akabembeleza:

"Mama, ni asali."

Jamani. Kati ya watu wote duniani, umdanganye yeye kwa uongo wake mwenyewe. Mama alimkazia macho, kisha akageuzia uso ukutani. Pumzi zake zilikuwa fupi, zinakwaruza. Hasira zikanipanda, na hofu pia, maana mwanamke huyu amenipenda kuliko nilivyostahili. Nikamnyang'anya mume wangu kijiko, nikamwambia atupishe. Akatoka bila kubisha, jambo ambalo si kawaida yake.

Nikakaa kitandani, nikafungua mfuniko. Nikamwonyesha mama ile dawa, ya kahawia, inanuka.

"Ni dawa, mama. Chungu kwelikweli."

Akageuka polepole. Aliitazama dawa, kisha akanitazama mimi.

"Nikinywa, nitapona?"

Ile 'ndiyo' ilishanifika ulimini. Nilitamani sana kuisema. Lakini macho yake yalikuwa bado yamenikazia, yanasubiri.

"Sijui, mama," nikasema, na machozi yakanitoka.

Akafungua mdomo.