Dieumerci, Bukari Inapoa

Tania alifika soko la Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, na gitaa lake mgongoni, lile lenye ufa alioubandika plasta ya hospitali. Akasimama katikati ya meza za ndakala, dagaa wa ziwani, akaimba wimbo mmoja, halafu akasema wazi kwamba hana tajiri wa kumlipia studio kule Uvira. Kila mtu atoe anachoweza, mkononi au kwa simu. Hata ndugu walio ng'ambo ya ziwa wameanza kutuma. Na kila atakayechanga, jina lake litaingia katika wimbo. Wanamuziki wetu wanaliita jambo hilo kutupa libanga, ni kusema kutupa jiwe: jina linarushwa katikati ya gitaa, na popote wimbo unapofika, jina nalo limefika.

"Ni jina ya mwenye kutoa tu?" Mama Pulchérie akauliza nyuma ya beseni lake. "Ama naweza tupa ya muntu mwengine?"

"Hata ya mbuzi yako, mama!"

Watu wakacheka. Mama Pulchérie hakucheka, kwa sababu mbuzi alikuwa naye kweli, na alikuwa anamtunza kwa ajili ya jambo moja tu.

Mwanawe Dieumerci, ni kusema Mungu asante, mtoto pekee aliyeachiwa na marehemu mumewe, alipanda milimani, Kilembwe, na vitenge vya kuuza. Watu wenye bunduki wakafunga njia. Wenzake walishuka mmoja mmoja wakipitia porini, miguu imevimba, yeye hakushuka. Hakuna aliyemwona mfu, hakuna aliyemwona mzima. Mbuzi alikuwa wa siku ya shukrani, siku atakapotokea mlangoni.

Jumapili zilipita. Mama Arlette, kiongozi wa bamama ba maombi kanisani, akaanza kumwambia kwa upole kwamba labda sasa ni wakati wa kukaa matanga, moyo upumzike.

"Matanga ya nani?" Mama Pulchérie alimjibu. "Mwili iko wapi? Mi sitamuzika muntu mwenye Mungu hajaniambia kama amekufa."

Basi siku ile ya Tania alirudi nyumbani, akamfungua mbuzi, akampeleka kwa wachinjaji. Mama Arlette alimkuta njiani.

"Dada, ile mbuzi ya Mungu ndiyo unapelekea gitaa?"

"Mungu hakuli mbuzi. Kama mutoto iko muzima huko milimani, iko na masikio. Barua haifike, mimi sifike. Wimbo itafika."

Alimpelekea Tania pesa zote, akakaa naye chini. Tania akamuuliza amsifu vipi kijana: bosi? simba wa Fizi? Mama akakataa.

"Akisikia simba, atajua ni yeye? Wako wangapi simba? Weka vile nilikuwa namuita. Wakati tulikuwa tunakaa Lweba alikuwa anachelewa ku maji na wenzake, minasimama ku mulango, minaita: Dieumerci wa Lweba, kuja, bukari inapoa! Hata akiwa mbali namna gani, anageuka."

Tania akagusa nyuzi, akalijaribu polepole lile neno la mama anayemwita mwanawe kwenye ugali, mara ya pili, mara ya tatu. Machozi yakamtoka mama, naye akasema ndiyo, njo vile.

Wimbo ukatoka. Majina mengine yalipita haraka kama watu wanaokimbia mvua, lakini pale pa Dieumerci ngoma zilisimama, gitaa likanyamaza, sauti ya Tania ikabaki peke yake: *Dieumerci wa Lweba, kuja, bukari inapoa.* Kisha vyote vikarudi pamoja kwa nguvu. Radio ikaupiga. Simu zikaupokezana. Mama Pulchérie alimshukuru Mungu kwa magoti, akaanza kupika bukari ya watu wawili.

Asubuhi moja akiwa sokoni alisikia nyuma yake mtu akipiga kelele: "Dieumerci! Kuja!" Aliinuka kwa nguvu hata beseni likamwagika. Alikuwa dereva wa moto, zile pikipiki za abiria, akimwamsha mwenzake aliyesinzia kwenye kiti. "Bukari inapoa, kijana! Wateja bako huku!" Wakacheka, wakaondoka.

Tangu hapo hakupata raha. Neno lilikuwa limewapendeza vijana. Mchezaji akikosa goli, wanamwimbia bukari inapoa. Msichana akichelewa, yeye ni Dieumerci. Mvuvi mmoja aliliandika kwenye mtumbwi wake kwa rangi nyekundu. Na kila mara Mama Pulchérie aligeuka. Alijua, na bado aligeuka. Shingo ya mzazi haisikii mafundisho.

Akamwendea Tania amwombe aliondoe. Tania alimshika mikono.

"Mama, iko mu masimu ya batu. Siwezi tena kuikamata. Lakini si ulitaka ifike mbali? Imefika."

Hilo ndilo lililombakiza mama hai: kwamba imefika. Akamngoja Casimir, mchuuzi aliyeanza tena kupanda Kilembwe njia ilipofunguka. Aliporudi, mama hakumwacha hata ashushe mizigo.

"Casimir, huko juu banasikia ule wimbo?"

"Mama! Asubuhi mupaka mangaribi. Hata bale ba bunduki ku barrière ya njia banaimba."

"Na ukiita ile jina…" Alishika kamba ya mzigo wake. "Hakuna muntu mwenye aligeuka?"

Casimir alitabasamu kwanza, akidhani ni mchezo. Halafu akaona uso wake, tabasamu likamfia mdomoni.

"Mama yangu, nitakudanganya ya nini. Huko ukiita Dieumerci, banageuka bote."

Mama Pulchérie alimshukuru. Akatembea hadi nyumbani akiwa wima, akiamkia watu. Akapika bukari. Akasimama mlangoni kama zamani, akafungua mdomo amwite mwanawe kwa sauti yake mwenyewe, ile ya Lweba, kabla ya gitaa. Ilitoka na wimbo. Alijaribu tena, kavu, kama mtu anayekaripia. Ikapanda palepale Tania alipopandisha, ikashuka palepale. Alijaribu kukumbuka alikuwa anaitaje, hakukumbuka. Nyuma ya ukuta wa jirani mtoto akadakia mstari uliofuata, akipiga ngoma kwa kijiko.

Aliacha chungu motoni, akaenda kwa Mama Arlette.

"Tufanye matanga," alisema.

Mama Arlette alimkumbatia, akasema asante Yesu, akaanza kutaja nani atapika, nani ataleta mikeka, nani ataongoza sala.

"Kitu moja," Mama Pulchérie alisema. "Musitaje jina yake."

"Matanga bila jina? Dada, batu batajua namna gani tunalilia nani?"

"Hawatajua."

"Na ku sala? Tutamuambia Mungu nini?"

Mama Pulchérie alitazama barabarani. Vijana wawili walikuwa wanapita na pikipiki, wamewasha simu kwa sauti kubwa, na wimbo ulikuwa unakaribia pale ngoma zinaposimama. Akajifunika masikio kwa kitenge, akangoja wapite.

"Mungu mwenyewe alimupa ile jina, kabla mimi nimuite," alisema. "Kama naye akisikia ile jina anageukia mwengine, mi sina tena namna ya kumuita mutoto wangu."