Dirisha la Juu

Beatha alipofariki, kaka yake Evans alipiga simu kutoka Bukoba na jambo moja tu: mama asiambiwe. Moyo wa bi mkubwa, Ma Gaudensia, haukuwa na nguvu, daktari alishakataza habari za kushtua, na kifo cha kitindamimba wake kingeondoka naye. Severin, mume wa marehemu, akakubali. Maiti haikusafirishwa, maana jeneza haliingii kijijini kwa siri. Wakamzika hukohuko Landani, Edmonton, upande wa makaburi unaopakana na reli. Mama mtu akaambiwa binti yake amehamishiwa zamu za usiku kule anakotunza wazee, mchana kutwa analala, asisumbuliwe kwa simu.

Sasa uongo ukishazaliwa unataka kulishwa. Pasaka ikakaribia, na kila Pasaka na kila Krismasi Beatha alimpelekea mama yake kadi aliyoitengeneza kwa mkono. Isipofika, Ma Gaudensia atauliza. Evans akamwambia shemeji yake aitengeneze yeye.

Rahisi kusema. Severin ni mtu wa ghala, mikono imezoea maboksi na gundi ya kufungia. Meza ya Beatha alikuwa hajaigusa: mihuri ya mpira, vikopo vya wino, kalamu za rangi zimepangwa toka iliyo hafifu mpaka iliyokolea. Kwenye bahasha zilikuwemo nyumba alizozipiga mhuri kabla hajalazwa, kijumba cha Kizungu chenye bomba la moshi na waridi mlangoni, michoro mitupu inayosubiri rangi.

Ya kwanza aliiharibu. Alipitisha brashi yenye maji, wino ukaachia, kuta zikachuruzika kama zimenyeshewa. Ya pili alikandamiza kalamu mpaka karatasi ikaota manyoya. Hapo akakumbuka mkewe alivyokuwa akimtania.

"Wewe unapaka kama unafunga mzigo. Anza na hafifu, baba. Giza litakuja lenyewe."

Akaketi akalia. Halafu akafuta meza, akaanza na hafifu.

Ili asikosee, aliazima kadi kwa Dinah, mama mmoja Mkenya wa pale kanisani, ambaye Beatha aliwahi kumpa nyumba hiyohiyo alipojifungua. Akaiiga kila kitu: paa rangi ya kutu, kivuli chini ya waridi, madirisha yote manjano kama ndani kumewashwa taa. Ndani akaandika herufi B, kama alivyozoea marehemu. Alipomaliza alijisifu kidogo, Mungu amsamehe. Kadi akampa msafiri, ikafika. Evans akapiga kusema mama ameipokea, ameitazama sana, ameiweka chini ya mto wake. Severin akashusha pumzi.

Siku chache baadaye alikuwa kituoni anasubiri basi, ametoka kazini, simu ya Evans ikaita. Aliyeongea hakuwa Evans.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula."

"Evans yuko zizini, ameacha simu. Niambie upesi kabla hajarudi. Nani amelipaka dirisha la juu?"

Severin hakuelewa, na bi mkubwa akamweleza bila haraka, kama anayemfundisha mtoto. Kadi zote za Beatha anazo. Kwa wengine alipaka madirisha yote, lakini kwake yeye lile la juu aliliacha jeupe tangu kadi ya kwanza. Alisema hicho ndicho chumba chake, na siku atakayorudi nyumbani watakipaka pamoja, yeye na mama yake.

Basi likaja, likafungua milango. Severin alisimama palepale. Dereva alimtazama, akafunga, akaondoka.

"Amezikwa wapi?"

"Hapahapa Edmonton, mama. Jirani na reli."

"Treni hazimpigii kelele?"

"Zinapita taratibu."

Severin alimsikia bi mkubwa akihema, akaogopa ule moyo.

"Tangu kadi ifike nalala chini, kama mfiwa," akasema. "Evans nimemwambia ni mgongo. Usimwambie kwamba najua. Anajitesa sana kunificha, maskini, na uji ananipikia yeye. Muache anifiche."

"Mama, nisamehe."

"Krismasi uniletee nyingine. Na lile dirisha uliache."

Akakata, pengine Evans alikuwa mlangoni.

Severin alikwenda nyumbani kwa miguu. Akaitoa nyumba ya mwisho kwenye bahasha, ingawa Krismasi ilikuwa mbali, akaipaka kuta, paa na waridi, akianza na hafifu. Alipofika dirisha la juu alikifunga kifuniko cha kalamu. Kisha akashusha godoro sakafuni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu mazishi, kwa kuwa kesho yake tu baada ya kuzika zamu ilimwita, na hakuna aliyewahi kumwambia akae matanga.