Maswali Sitini ya Bwana Wekoye

Mwaka 1989 mshauri wa kazi aitwaye Bwana Wekoye alitoka Bungoma akaja kwenye darasa letu la jioni la kanisani pale Tuwan, Kitale. Alibeba maswali sitini. Alisema yametungwa na wataalamu, na ukiyajibu kwa ukweli yatakuonyesha kazi uliyoumbiwa. Mimi nilidhani hilo hulijua Mungu peke yake, lakini nilichukua karatasi. Nilitaka kuwa mwalimu, na chuo hakikupokea mtu wa miaka thelathini na tisa bila barua ya mshauri.

Tuliomba kwanza, kisha tukajibu. Je, unafanya mambo vizuri kuliko wenzako? Tukaandika hapana, maana majivuno ni dhambi. Je, unapenda kuongoza? Hapana. Je, unapenda kusifiwa? Shemasi wetu, Mama Jelimo, aliandika hapana akaipigia mistari miwili. Ni Festus tu, msaga unga wa posho mill, aliyekuja darasani akinuka pombe ya busaa, aliyeandika ndiyo kila mahali ili awahi kuondoka.

Bwana Wekoye aliweka kadibodi yenye matundu juu ya karatasi zetu, akahesabu majibu yaliyoonekana. Watu kumi na wanane tukatoka walinzi wa lango. Festus akatoka meneja.

"Basi mtakuwa mnanifungulia geti, wapendwa," Festus alisema, na Mama Jelimo akaanza kumwombea kwa sauti.

Jumatatu nilienda Bungoma, nikamweleza Bwana Wekoye kwamba tulijibu kama Wakristo. Alisema mtihani wake haudanganyiki, ila kwa huruma yake ningeweza kuurudia. Nikatoka nje, nikatubu mapema, nikarudi na kuandika ndiyo mara sitini, hata palipouliza kama naogopa watu, na chini yake kama siwaogopi.

Akapima kwa kadibodi ile ile. Kisha akasimama, akanivutia kiti.

"Mama Agneta, wewe ni kiongozi wa kuzaliwa. Ualimu utakupoteza bure. Nitakuandikia barua ya chuo cha mameneja."

"Andika ualimu."

"Lakini mama, mtihani unasema..."

"Unasema mimi ni kiongozi, na wewe umesema haudanganyiki. Sasa kiongozi anakuambia, andika ualimu."

Aliandika. Hata muhuri aliugonga mara mbili.