Kunguru Kwapani mwa Barry

…na kwapa lenyewe basi lingeoshwa, kwani mji mzima wa Burnley sabuni imekwisha, Wilf aliwaza, kichwa kimebanwa humo na pua imelala ubavuni mwa Barry Tordoff, maana Barry ni mtu mzuri, anabana ili macho ya watu yafurahi tu, haumizi, ila kuoga kwake ni kwa mafungu, na ukumbi mzima unapiga kelele avunjwe shingo, avunjwe, miaka yote hii wanaomba shingo ya Kunguru, mwanamieleka mwovu wa barakoa, ivunjwe na Kunguru anawashukuru kwa moyo wote, kwani bila wao yeye ni nani, ni Wilf Ackroyd wa duka la samaki na chipsi, kipara, mtu anayeomba radhi hata akikanyagwa yeye… "Uko sawa, mzee?" Barry alimnong'oneza, Wilf akamfinya paja, maana yake niko sawa, endelea, akarusha miguu kama anayekata roho ili waliokaa nyuma nao wafaidi, halafu hofu ya tangu asubuhi ikamrudia, kwani ameshaangushwa mara moja, akiangushwa tena barakoa inavuliwa mbele ya watu, ndiyo ada ya mieleka, na Bwana Lumb, mwandaaji wa mapambano, ameshaamua kuwa ni leo, "Umri umekwenda, Wilf, tuwaonyeshe sura yako tumalize," naye akakubali, mjinga, akakubali kama mteja anayeulizwa aongezewe siki kwenye chipsi… na sura yenyewe ndiyo hii, mashavu mekundu, kovu hakuna, hawatazomea, watacheka, na ndani ya barakoa hii hajawahi kuchekwa hata siku moja, barakoa aliyoshonewa na mkewe Maureen kutoka kwenye kibana tumbo chake cha zamani, huku akimuuliza, wewe una uovu gani mume wangu, hata paka wa jirani humfukuzi… lakini kicheko angekivumilia, linalomuuma ni Bi Sugden, mjane wa safu ya mbele, kila Jumatano yupo na mwavuli wake, anamchoma ubavu kila akitupwa kwenye kamba za ulingo, na kesho yake mchana anasimama kaunta akimsimulia Wilf mwenyewe, "Yule shetani jana alimkanyaga mwenzake vidole, refa kageuka, sikulala kwa hasira," na Wilf anamwongezea chipsi, "Watu wengine hawana haya, mama," akiona macho yanavyomng'aa, yeye ambaye tangu amzike mumewe Stanley hakuwa akitoka hata kununua maziwa, na sasa atajua amekuwa akimchoma nani, atatahayari, hatakanyaga dukani tena, wala ukumbini… Barry amemburuta hadi kambani, na mwavuli huo, ubavu wa kushoto, palepale, "Mvunje huyo mnyama," Bi Sugden akapayuka, kisha akainamia ukingo wa ulingo kana kwamba anataka kutema mate, sauti ikashuka, "Wilf, usithubutu kuivua hiyo barakoa… unanuka samaki, mwanangu, siku zote, ulidhani nina mafua? Ukiivua, mimi Jumatano nitamchukia nani?" na akamchoma tena, kwa nguvu zaidi… anajua, alikuwa anajua, pale kaunta alikuwa akimtukana usoni kwa makusudi, na chipsi za nyongeza akazila, bibi huyu anaigiza kuwashinda wote waliomo humu, na Wilf akacheka humo kwapani mpaka akakohoa, Barry akadhani anakabwa kweli, akalegeza, "Mzee, nimekuumiza?" "Bana," Wilf akasema kutoka kwapani, "ukiniachia nakupiga kichwa mbele ya macho ya refa, atanifukuza ulingoni, na kufukuzwa si kuangushwa, barakoa inabaki." "Na Bwana Lumb?" "Atanuna." "Atakuachisha kazi." "Aniachishe halafu amtafute mwingine wa kuchukiwa hivi, atazunguka mpaka Blackpool na hatampata," akajisikia akisema hivyo, yeye Wilf Ackroyd, muomba radhi, na wala hakuwa anatania, na Barry akabana, na watu wakaomba avunjwe shingo, avunjwe, na humo gizani Kunguru akatulia kwa raha zake, akajisogeza kidogo kambani ili bibi asipate taabu kuufikia ubavu.