Nyumba ya Mstari wa Vipande

Jumanne asubuhi mkunga mstaafu alikuwa anasuuza kikombe jikoni kwake alipoona kamba ya nguo ya jirani. Aliiona yote, pamoja na mashuka mawili ya bluu na soksi za watoto, mahali ambapo kwa miaka thelathini na moja palikuwa na ukuta. Ukuta haukuwa umeanguka. Ulikuwepo kwa shubiri moja, haukuwepo kwa nusu shubiri, ukawepo tena, hivyo hivyo kuanzia sinki hadi mlango wa nyuma, toka sakafuni mpaka darini. Alimaliza kusuuza, akakipindua kikombe kikauke, akatoka kuizunguka nyumba. Kuta zote nne zilikuwa hivyo.

Jirani, mke wa dereva wa lori, alikuwa anaanika shuka la tatu.

"Umetoboa madirisha?" akauliza.

"Sijatoboa kitu. Nimeamka nimekuta. Na shikamoo yangu umeiacha ndani?"

Jirani akaamkia, akaomba radhi, akabana shuka lake.

Fundi mwashi alifika saa nne na futi yake ya kukunja. Alipima kipande cha ukuta, akapima uwazi, akarudia upande wa barabarani. "Mama, aliyekata hapa ni fundi haswa," akasema. "Ishirini, kumi. Ishirini, kumi. Mimi mwenyewe siwezi." Akaziba nafasi tatu za jikoni kwa tofali na saruji, akaondoka. Kesho yake tofali zilikuwa nje, zimepangwa vizuri karibu na bomba, saruji ikiwa bado mbichi. Fundi alirudi, akaibonyeza kwa kidole, akasema saruji haina kosa. Mkunga akatundika mashuka makuukuu kwenye nafasi za chumbani, maana mtu hata akiwa na miaka sabini na miwili hawezi kuvaa huku mtaa mzima unamhesabia vifungo.

Wiki zile mtaa ulikuwa na jambo lake. Kiwanja kikubwa nyuma ya nyumba ya mkunga, kilichokuwa na majani tu na goli moja la mpira, kilikuwa kimepata mwenyewe, na mwenyewe alitaka kujenga jengo la biashara la ghorofa nne. Tangazo la halmashauri lilibandikwa Juni kwenye nguzo ya umeme. Lilisema wakazi wanaalikwa kutoa maoni yao kabla mchoro wowote haujaandaliwa. Watu walilisoma, wakagawanyika. Waliokuwa wakisalimiana kwa kushikana mikono wakaanza kusalimiana kwa kidevu.

Jumapili alikuja mpwa wake. Alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake, aliyemlea tangu ana miaka sita, na sasa alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na mitano, mchora ramani katika ofisi ya wasanifu majengo mjini. Alikuja kila Jumapili kula. Siku hiyo alikuja na tikiti maji kwapani. Alipoona kuta, aliliweka tikiti chini, akaenda moja kwa moja kwenye pembe ya nyumba, akaipapasa.

"Pembe zimefungwa," akasema.

Ni kweli, pembe zote nne zilikuwa nzima. Akaeleza kwamba wachoraji wengi mstari wa vipande ukifika kwenye pembe huuacha ukatike popote. Yeye hufunga pembe. Alifundishwa kwamba pembe yenye uwazi ni uvivu.

"Ishirini, kumi, pembe zimefungwa. Shangazi, huu ni mkono wangu."

"Mkono wako umefanya nini?"

"Kwenye ramani, kinachobaki huchorwa kwa mstari mzima. Kinachobomolewa huchorwa kwa mstari wa vipande. Hapa patakuwa njia ya malori ya mizigo."

Mkunga akakaa kwenye kiti. "Umechora lini?"

"Machi."

"Tangazo ni la Juni."

"Najua."

"Na tangu Machi umekuja hapa kila Jumapili."

"Ndiyo."

"Ukala."

"Nikala."

"Na ukaomba kuongezewa mchuzi!"

Mpwa akainamisha kichwa. Angeweza kusema hakujua ni nyumba ipi, kwa sababu michoro huja na namba ya kiwanja tu. Hakusema. "Niliiona namba nikaijua," akasema. "Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikachora."

"Umeniuma," akasema mkunga. "Sitaki uelewe vibaya. Si ukuta ulioniuma, ni wewe."

Kisha akamwambia afute. Mpwa akasema mchoro umeshagongwa muhuri, tangu Jumanne, na wenye muhuri haufutwi, huchorwa mwingine, na mwingine lazima uombwe na mwenye mradi. Mkunga akauliza kama ni hivyo, Jumamosi, kwenye mkutano wa halmashauri, watu wanaitwa kutoa maoni juu ya kitu gani. Akamkatia tikiti, kwa kuwa lilikuwa limeshaletwa, na mpwa akalila amesimama.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa shule ya msingi, wazee kwa vijana wamekalia viti vya watoto, magoti yanagusa videvu. Mbele alikaa ofisa wa mipango miji na karani wake. Kila mtu alipewa dakika tatu.

Mke wa dereva alisimama wa kwanza. "Mimi balbu ikiungua natembea nusu saa kwenda kununua nyingine," akasema. "Mtoto akipata homa, dawa ni nusu saa hiyo hiyo, na kurudi ni kilima. Nyie wenye magari mnataka nikae gizani ili msikie ndege?" Alipigiwa makofi, na aliyastahili.

Mwalimu wa hesabu akasema hana ugomvi na duka, ana ugomvi na ghorofa nne zitakazochungulia vitandani mwa watu.

"Kwani kwako kuna nini cha kuchungulia?" akauliza mtu wa nyuma, na ukumbi mzima ukacheka, hata ofisa, hata mke wa mwalimu.

Ofisa akashukuru kwa michango mizuri. Akasema maoni yatazingatiwa. Akasema mpaka dakika hii hakuna mchoro na hakuna uamuzi.

Mkunga akasimama. Ilimchukua muda, kiti kilikuwa kidogo.

"Wewe nimekupokea mimi," akamwambia ofisa. "Ulitanguliza makalio. Mama yako aliteseka saa kumi na nne, na tangu siku hiyo naona bado hujajifunza kuja kwa watu kwa uso. Mchoro upo. Uko nyumbani kwangu. Twende ukauone."

Ukumbi ukalipuka. Ofisa alitaka kukataa, lakini watu walikuwa wameshabeba viti vyao pembeni, na njia pekee iliyobaki wazi ilikuwa ya kwenda kwa mkunga. Wakatembea mitaa miwili, kama watu sitini, wanaotaka duka na wasiolitaka wamechanganyika.

Ofisa aliutazama ukuta. Akaingiza mkono kwenye uwazi mpaka kiwiko, akautoa, akakung'uta shati. Mpwa alikuwa amesimama mlangoni. Uso ulikuwa umemtoka jasho, ila sauti yake ilikuwa ya kawaida.

"Nimechora mimi. Machi. Kwa maagizo yaliyotoka ofisini kwako."

"Una kibali cha mwajiri wako kuzungumzia michoro yake?"

"Sina."

"Basi siwezi kusikia," akasema ofisa, na kweli hakusikia. Mpwa alirudia mara tatu. Walisikia wote, hata fundi mwashi aliyekuwa upande wa pili wa barabara, isipokuwa ofisa na karani, ambaye kalamu yake iligoma kutoa wino mpaka mpwa aliponyamaza. Ndipo karani akaandika kwamba mwenye nyumba ya kona ana malalamiko ya upepo, apelekwe idara ya nyumba.

Watu wakaanza kutawanyika. Mke wa dereva alibaki nyuma. "Na yangu?" akamuuliza mpwa kwa sauti ya chini.

"Yako mstari mzima."

Mke wa dereva akaitazama nyumba yake, haina hata ufa. "Mimi duka bado nalitaka," akamwambia mkunga. "Lakini si hivi. Hivi ni dharau." Jioni akaleta mashuka yake mawili ya bluu kuongezea kwenye nafasi za sebuleni.

Jumatatu mpwa alifukuzwa kazi. Akaja na sanduku moja na nakala ya mchoro. Mkunga akampa chumba cha nyuma, chenye upepo kuliko vyote. "Sijakusamehe," akamwambia. "Chukua na blanketi."

Siku chache baadaye mkunga alivaa miwani, akautandaza ule mchoro mezani, akaanza kuuliza. Akauliza kitanda chake kiko wapi. Mpwa akasema vitanda havichorwi. Akauliza meza, viti, jiko la mafuta. Havichorwi.

"Na mimi je?"

"Watu hawachorwi, shangazi. Huchorwa kwenye mabango tu, wale wanaotabasamu na mifuko mikononi."

Mkunga akavua miwani. "Kwa hiyo kwenye karatasi yao yote hii, mimi hawana."

"Hawana."

"Vizuri sana," akasema, akaukunja mchoro. Tangu siku hiyo hakwenda idara yoyote wala hakujaza fomu. Mwenye mradi alituma watu wenye tai, akawasikiliza, akawasindikiza mpaka nje. Mwalimu wa hesabu alimshauri ahamie kwa ndugu kabla hajadhalilika. Mkunga akamjibu kwamba anayedhalilika hapa si yeye, na akamuuliza kama ameshanunua mapazia.

Septemba halmashauri ilipitisha mchoro wa mwisho, ambao hauonyeshi tena vitu vya kubomolewa. Uligongwa muhuri saa tatu asubuhi. Saa tatu na dakika moja kuta na paa vikatoweka bila vumbi, na sinki nalo, kwa sababu mabomba huchorwa. Mkunga alikuwa kitandani anajichana nywele. Mpwa alikuwa mezani na kipande cha mkate. Vitu vyote visivyochorwa vilibaki mahali pake. Mkunga akamaliza kuchana, akamtuma mpwa akanunue mwavuli mkubwa, ule wa wauza vocha.

Alilia siku hiyo, tena bila kujificha, kwa vile hapakuwa na pa kujificha. Alimpenda marehemu mumewe ndani ya kuta zile. Alipomaliza alifuta uso, akatandika kitanda.

Jengo lilipanda ghorofa nne, na ghorofa ya nne inachungulia vitandani mwa watu, kama alivyosema mwalimu. Mke wa dereva ananunua balbu na dawa hapo hapo. Njia ya malori ilitiwa lami, na wenye lami waliimwaga kuzunguka miguu ya kitanda na ya meza, maana kwenye karatasi yao hapakuwa na neno juu ya kuihamisha. Malori yanayoingia hupita kushoto kwa kitanda, yanayotoka hupita kulia. Madereva humwamkia mkunga kwa jina la mama. Mpwa huchora ramani za vyumba vya uani kwa watu wa mtaa, mezani, chini ya mwavuli, na pembe zake bado anazifunga.

Novemba alikuja ofisa wa mipango miji na barua. Barua ilisema kwamba kiwanja hicho hakina mkazi, na kwamba mkazi wake anapewa siku kumi na nne awe amehama. Ofisa alikatiza kwenye lami moja kwa moja mpaka alipokaa mkunga na sinia la mchele, akainyoosha barua.

Mkunga hakuipokea. Hakuinua hata kichwa.

"Rudi," akasema. "Mlango uko pale."

Ofisa akatazama. Palikuwa na lami na mstari wa rangi nyeupe. Lori lilikuwa limesimama linamsubiri apite, na dereva alikuwa amezima injini, anaangalia. Ofisa akarudi nyuma hatua saba, akasimama pale alipoonyeshwa, akainua mkono, akagonga hewani. Ilisikika mbao.

"Hodi," akasema.

"Nani?"

Akataja jina lake na cheo chake.

"Subiri," akasema mkunga, akaendelea kuchambua. Sinia lilikuwa bado nusu, na nyuma ya ofisa malori yalikuwa yameshafika matatu.