Mstari wa Chaki kwenye Kopo la Sukari

Mdogo wangu alikuwa anakula kwa kujificha. Ningeweza kuapa. Mtu ashinde na kibakuli cha mboga, halafu miguu izidi kunenepa? Thubutu! Mimi si wa kuchezewa shere.

Mimi ni fundi cherehani, na chaki haikosi mfukoni. Basi nikachora mstari kwenye kopo la sukari. Mkate nikawa nauhesabu kila asubuhi, kipande kwa kipande. Nikapekua hadi chini ya godoro lake, Mungu anisamehe, nisiambulie kitu. Nikasema: huyu mjanja kweli kweli.

"Dada, miguu inauma," alikuwa akiniambia, huku anapanda ngazi kwa kushika ukuta. Zaidi ya kazini, alishaacha kutoka. Harusi haendi, misiba haendi, hata dukani anatuma mtu.

"Punguza kula," namjibu.

Siku moja akaja nimpime suruali ya kazini. Nilipokaza futikamba kwenye paja, akapiga yowe.

"Acha visingizio!" nikafoka. "Nimekugusa tu."

Kesho yake pale ilipopita futikamba pakawa pamevilia damu, mkanda mzima.

Nikafungua daftari langu. Vipimo vya mteja huwa sivifuti. Naandika vipya chini ya vya zamani, na wakati wa kukata kitambaa natazama vya mwisho tu. Safari hii nikaanza juu. Kiuno: thelathini na sita, thelathini na mbili, ishirini na nane. Paja: ishirini na tano, ishirini na saba, thelathini. Mwandiko wangu mwenyewe. Mlaji gani wa kujificha anapungua kiuno inchi nane? Mtoto wa mama yangu alikuwa anashinda njaa, na mimi nalinda sukari!

Nikampeleka hospitali. Daktari alimbonyeza miguu taratibu, akasema ni lipedema: mafuta ya ugonjwa, yanauma, na hayaondoki kwa kujinyima.

"Nani alikwambia ule kidogo hivi?"

Mdogo wangu akatazama sakafu. Hakunitaja. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Tuliporudi nikaufuta ule mstari. Nikampakulia sahani ikajaa, nikaiweka mbele yake. "Kula, mdogo wangu."

Akaitazama sahani. Akalitazama kopo, kisha mimi.

"Dada," akasema polepole, "unanitega?"