Sakafu ya Laini Tano

Saa kumi na mbili asubuhi Joan alipiga magoti ndani ya grinhausi yake ndogo na kusoma kipimajoto alichokuwa amekilaza juu ya kokoto. Nyuzi tatu. Miche ya nyanya ilikuwa imelala chini kama nyuzi za sweta lililofumuka. Ilikuwa mara ya pili kumfia.

Vumbi la mbao alilotandaza mwanzoni lilishika maji, likaota ukungu. Kokoto zilipitisha maji vizuri lakini zikahifadhi baridi. Simiti ilikataliwa na baba yake, Mzee Kimeli, ambaye aling'oa mistari minne ya chai ili kumwachia kona hiyo ya shamba.

"Ukishindwa, nitapanda chai juu ya simiti?" alimwuliza. "Na hiyo miche ikikufa tena, Joan, narudisha chai yangu."

Joan alifikiria matofali. Chuoni alisoma kwamba tofali hunywa joto mchana na kulitoa polepole. Ng'ambo ya ua, kwenye shamba kubwa la chai, nyumba za wachumaji zilikuwa zimebomolewa baada ya mashine za kuchuma kuletwa. Sakafu zake za matofali zilikuwa bado chini. Mlinzi alimwambia achukue tu.

"Hayana mwenyewe hayo."

Joan aliyabeba kwa wilbaro siku tatu, akayapanga kwa kuangalia umbo: mazima katikati, yaliyokatika pembeni.

Asubuhi iliyofuata matofali yalikuwa yamehama. Yaliyokatika yalikuwa katikati, na moja lilikuwa mlangoni, limeegemea mbao kama mtu anayesubiri kufunguliwa. Joan aliyarudisha. Kesho yake yalihama tena, na mengine yalikuwa yakisagana kwa sauti ndogo, kama meno ya mtu aliyelala. Aliyarudisha siku tano mfululizo. Kila alipoketi kunywa chai, miguu yake ilitaka kusimama. Kipimajoto hakikupita nyuzi nne.

Siku ya sita Mama Judy alipita akielekea sokoni Mogogosiek, alikokuwa amepanga chumba. Alikuwa amechuma chai ng'ambo ile kwa miaka ishirini na sita, mpaka nyumba zikabomolewa. Alichungulia, akavua viatu mlangoni.

"Hodi. Eh, Joan! Hapa si umechanganya majirani?"

"Vipi, mama?"

"Hili ni la kwa Omariba. Umeliweka kando ya la Kebaso, na hao hawasalimiani tangu ile maneno ya kuku. Hata wewe ungelala?"

"Sikujua."

"Utajuaje, na nyinyi mlikuwa mnatuita tu watu wa kambi?"

Joan akavua viatu vyake pia.

Waliyapanga upya pamoja hadi adhuhuri. Mama Judy aliyatambua kwa kiganja. Ya Owiti yalikuwa na mafuta ya samaki. Yake mwenyewe, kumi na mawili, yalikuwa yamebonyea palipokaa miguu ya meza. Waliyafuatisha jinsi laini tano, safu yao ya nyumba, ilivyokuwa, mlango kwa mlango, wakiacha upana wa mkono kati ya Omariba na Kebaso.

Kesho yake saa kumi na moja kasorobo alfajiri, saa ambayo zamani laini tano ilikuwa ikiwasha majiko, sakafu ilipata moto. Ilianzia kwa Owiti, aliyekuwa akiamka kabla ya wenzake. Kipimajoto kilipanda hadi nyuzi kumi na tisa, na jasho la plastiki likanukia uji. Joan alipanda miche mipya. Ilisimama.

Mama Judy alikuja kila asubuhi. Alisimama bila viatu juu ya matofali yake mpaka nyayo zikapata moto, kisha akarudi kwenye chumba chake, ambacho sakafu yake ilikuwa udongo, mbichi mwaka mzima.

Siku moja Joan alisema jambo kwa sauti ndogo, ikabidi alirudie. "Mama, beba yako. Ni yako."

Joan aliyapakia mwenyewe kwenye wilbaro. Asubuhi mbili miche ya upande ule ilinyauka, naye hakwenda kuyafuata. Siku ya tatu Mama Judy aliyarudisha.

"Yamekaa tu baridi," alisema. "Yakiwa peke yao hayajui saa."

Nyanya za kwanza ziliiva mwezi wa saba, kwenye baridi yenyewe. Mzee Kimeli aliingia, akabonyeza moja, kisha akainama na kuweka kiganja sakafuni.

"Sawa. Chai ikae huko iliko," alisema. "Haya matofali, wenyewe waliuza?"

"Hapana, baba."

Mzee alimsalimia Mama Judy, aliyekuwa amesimama mahali pake, kisha akamgeukia binti yake.

"Na yamebaki mengine?"

Joan alihamisha ndoo ya maji kutoka mkono wa kulia hadi wa kushoto, akairudisha tena kulia.

"Iko ya laini nne na ya laini sita, Baba Joan," Mama Judy alisema. "Lakini hao wa laini sita, ukikosea kuwapanga, ni nyinyi mtahama."

Mzee Kimeli aliitikia kwa kichwa, akatoka. Mama Judy akavaa viatu, akamfuata kumwonyesha milango ilikokuwa.